Moshi Wenye Harufu ya Chipsi

Mzee Ngwali alitengeneza dizeli jikoni kwake kwa uangalifu wa mtu anayempikia mfalme dawa. Mafuta machakavu alipewa na muuza chipsi wa mtaa wa mbali. Aliyachuja kwa soksi safi, akayapasha moto, akayachanganya na spiriti na kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni, kisha akayaacha yatulie mpaka sabuni ikazama chini. Jumamosi mchana aliyamimina kwenye jenereta, ingawa umeme ulikuwapo. Jenereta ikanguruma, na mtaa mzima ukanukia chipsi.

Tangu masika hakuna mtu aliyebisha hodi kwake. Sasa mlango uligongwa.

"Hodi! Shikamoo, mzee." Alikuwa Sauda, jirani wa nyumba ya pili, na sahani mkononi. "Kumbe umefungua biashara kimyakimya! Nipimie za mtu mmoja, pilipili usinibanie."

"Marahaba."

Sheria zote za uungwana zilimtaka aseme kwamba hamna kiazi ndani, na kwamba harufu ile ni ya jenereta tu.

"Bado hazijaiva," alisema. "Kaa, mwanangu."

"Ukinichelewesha nakudai na soda!"

Sauda akaketi barazani, akaanza kusimulia habari za mguu wa mama yake. Mzee akaingia jikoni, akafungua kabati. Mlikuwa na kitunguu kimoja, tena kimechipua. Akakiosha, akaanza kukimenya polepole, huku akiitikia, "Ehe, halafu?"

Nje, jenereta ilianza kukohoa.