Nani Kamfundisha Chiriku

"Toka hapa! Sikutaki!"

Mama Chiriku alikuwa hajavua hata viatu. Hii ilikuwa jioni ya tano mfululizo bintiye wa miaka sita kumpokea kwa maneno hayo, macho kayaelekeza ukutani, mikono imeng'ang'ania gauni la mama yake lililojaa harufu ya sabuni ya dobi.

Alimbandua, akamweka pembeni. Tangu alfajiri amesimama mbele ya pasi akinyoosha mashuka ya watu, halafu anarudi kwake kukaribishwa hivi!

Jina la Chiriku lilikuwa utani wa nyumbani, maana siku akisema maneno kumi, amesema mengi. Daktari aliwaambia ana usonji. Mtoto yule hakuwa akitunga maneno. Aliyaokota kwa wengine. Basi haya kayaokota kwa nani?

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu tu.

Aliingia jikoni na hasira za mkizi. Wifi yake alikuwa anamenya vitunguu.

"Wifi, nikiwa kazini unamfundisha mwanangu nini?"

"Kufunga vifungo. Leo kafunga viwili, peke yake."

"Usinifanye mjinga! Nani kamfundisha kunifukuza?"

Wifi akaweka kisu chini.

"Kaka yako alipoondoka nilikukaribisha humu. Watu wakaniambia nimeingiza nyoka, nikawabishia. Kumbe mtoto wa nyoka ni nyoka! Yeye alishindwa kuninyang'anya mtoto mahakamani, sasa wewe unamnyang'anya kwa ulimi!"

Akaenda chumbani, akavuta begi la wifi yake kutoka uvunguni, akaanza kushindilia nguo humo, khanga, blauzi, sidiria, vyote shaghalabaghala.

Wifi alisimama mlangoni. Hakulia. Naye alikuwa amekasirika, tena sana.

"Nitaondoka. Lakini kwanza utanisikiliza mimi, maana mtoto mwenyewe humsikilizi. Akitaka kuoga husema nini?"

"Maswali gani hayo?"

"Husema, 'Angalia, litakuangukia!' Ndivyo nilivyomwambia siku ya kwanza nilipombebea beseni la kuogea. Na akiumwa tumbo?"

Mama Chiriku aliendelea kushindilia nguo.

"Husema, 'Gari limeharibika, shukeni wote.' Wewe mwenyewe ulinisimulia safari ile, alivyotapika mpaka nguo zikakwisha. Sisi tunasikia maneno, wifi. Yeye anakutajia siku. Siku nzima, na kilichompata siku hiyo."

"Na hili la kunifukuza? Hilo nalo ni la siku gani?"

"Sijui. Mimi hajawahi kuniambia hivyo, hata mara moja. Anakungoja wewe tu. Labda ni la kabla sijahamia."

"Unataka kusema ni mimi? Mimi sijawahi kumwambia mwanangu maneno kama hayo! Mungu ni shahidi, sijawahi kumwambia…"

Blauzi ikamponyoka mkononi.

Alikuwa ameyasema mara moja tu, kwa mtu mmoja tu, baba wa Chiriku, pale mlangoni, damu ikimchuruzika puani. Mtu yule alipotoka akatia komeo, akaporomoka sakafuni. Na Chiriku, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukubali kushikwa na mtu, akaja mwenyewe, akapanda mapajani mwake, akalala fofofo.