Wazazi wa Jumamosi

“Wako alianguka somo gani?”

Kwenye baraza la jikoni la shule ile ya Bwera, hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza, hata kabla ya kuulizana majina. Ayaa alilijibu bila kuinua macho.

“Hesabu.”

“Karibu, mama. Hapa sisi wote ni wa hesabu,” Mastula alimwambia, akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Mkuu wa shule alikuwa ametoa amri: kila anayerudia mtihani wa Senior Four, yaani kidato cha nne, aje na mzazi wake kila Jumamosi, maana mwaka uliopita watoto walikuwa wakiaga nyumbani na kuishia sokoni Mpondwe, mpakani na Kongo. Watoto wakiingia darasani, wazazi walibaki barazani wakingoja, na kungoja kukageuka mazungumzo. Mastula, aliyeuza mitumba mpakani, alimlalamikia mwanawe Shakib, aliyejua jina la kila mchezaji wa Ulaya lakini hakujua kugawanya. Nzanzu, mkulima wa kahawa kutoka Kyondo, hakuwa na maneno mengi. Aliutazama tu mlango wa darasa, kama mtu aliyemwona ng’ombe wake ndani ya shamba la jirani.

Ayaa alikuwa Mwacholi, mke wa koplo wa polisi aliyehamishiwa mbali, Karamoja. Chumba chao cha kambini kilibaki na kitanda, redio na yeye. Majirani waliongea Lhukonzo, lugha ambayo kwake iliishia kwenye salamu. Kuna wiki ambazo sauti yake mwenyewe aliisikia dukani tu, akiomba chumvi. Jumamosi alifika shuleni kabla ya wote, na chai na mihogo ya kuchemsha, akawagawia wenzake.

“Mama Atim,” Mastula alimwambia siku moja, mdomo umejaa, “Shakib anasema huyu Atim wako hamujui.”

“Atim hana maneno,” Ayaa alijibu. “Hata kwangu.”

“Una bahati. Wangu anaongea mpaka redio inanyamaza.”

Walicheka. Ayaa alicheka nao mpaka akajifuta macho.

Mwezi wa nane Nzanzu alikuja amekunja uso. Binti yake, Kabugho, alikuwa ameanguka tena jaribio la hesabu.

“Leo ni mwisho,” alisema. “Akitoka pale, tunaenda nyumbani moja kwa moja. Kahawa imeiva, na mimi sina mikono. Mutoto amekataa kusoma, mimi nitafanya nini?”

Ayaa aliweka kikombe chini.

“Baba Kabugho, acha nikuambie. Atim alileta alama zake nyumbani, na mimi nikaona ile moja mbaya tu. Nikamuambia, mutoto wa askari haleti kitu kama hii. Nilisema mbele ya majirani. Hakulia. Alisema ‘ndiyo, mama’, akaenda kuosha sahani. Toka siku ile ni ‘ndiyo, mama’, ‘hapana, mama’, basi. Nimejaribu kumurudisha, nimeshindwa. Kahawa itaiva tena mwakani. Leo usimuambie kitu. Mupeleke nyumbani, mupe chakula.”

Kabugho alipotoka, vitabu amevikumbatia kifuani na macho yako chini, baba yake alimtazama kitambo. Kisha akampokea vile vitabu.

“Twende tukule,” alisema.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote wawili.

Siku ya mtihani wenyewe, karatasi ya hesabu, mvua ilinyesha tangu alfajiri, na wazazi wakasongamana barazani, miguu imejaa tope.

“Wako ameingia?” Nzanzu alimuuliza Ayaa.

“Wote wameingia.”

“Basi tuwaombee.”

Mastula alisoma dua. Nzanzu aliomba kwa Lhukonzo, kofia mkononi. Ayaa aliomba kwa Kiacholi, sauti ya chini sana, na kila mtu alilisikia jina la Kabugho likipita, na la Shakib. Kisha wakasikiliza mvua juu ya bati.

Mlango ulipofunguliwa, Kabugho alikuja mbio huku analowa.

“Baba, nimejibu yote. Yote, baba.”

Hapo ndipo wenzake walipomwona Nzanzu akicheka kwa mara ya kwanza. Alimshika Ayaa mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, akauachia. Mastula naye alikuwa ameshamfunika Shakib kwa khanga.

“Mungu akipenda, benchi hii sitaikalia tena maisha yangu,” alisema, na wazazi wote wakaitikia. “Musalimie Atim, mama.”

“Nitamusalimia.”

Wakateremka barabarani, kila mmoja na wake, wakiongea wote kwa pamoja. Ayaa aliwapungia mkono mpaka wakapinda kona. Baraza likawa pana ghafla. Alikaa.

Mwalimu Erisa, aliyefundisha hesabu shuleni hapo kwa miaka mingi, alifunga madarasa, akaja akakaa kando yake.

“Hawa wamemaliza, Mama Atim,” alisema taratibu. “Wapya wataanza mwezi wa pili.”

“Nitakuja, mwalimu.”

Erisa aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kushangaa.

“Na mwanafunzi wangu Atim? Si mwakani ndiyo anamaliza udaktari?”

“Mimi sijui, mwalimu,” Ayaa alisema. “Umupigie wewe, umuulize. Wewe simu yako anashika.”