Mahali pa Kuitikia

Katikati ya wimbo aliotunga, mkwe wangu huimba kisha hunyamaza. Hapo ndipo marehemu binti yangu alipokuwa akimwitikia.

Leo yeye na wanamuziki wenzake walijaribu ala za kuziba pengo hilo kabla ya kurekodi. Gitaa lilikuwa na kiherehere. Kinanda nacho kikalia kama kengele ya shule.

"Mama, hakimu ni wewe," mkwe akaniambia. "Ukikubali tu, tunarekodi."

Mpiga filimbi akalamba midomo, akapuliza taratibu. Nikasisimka mpaka vidole vya miguu. Filimbi ilikaa sawasawa, kana kwamba hapo hapakuwahi kuwa na mtu.

Wote wakanigeukia. Mkwe alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

"Bado," nikasema. "Jaribuni kingine."