Kificho Anatakiwa Bomani

Jiwe lilimpita Bi Kazija sikioni likaenda kuvunja taa ya gari la askari, naye akaona uchungu kwamba hakulirusha yeye.

Njia ya kushukia bandarini Mkoani ilikuwa imejaa mawe, vifuu na makubazi ya watu. Upande wa boma walisimama askari wa Mwingereza na ngao zao, wale walioletwa kwa meli kuja kuwatia Wapemba adabu ndani ya Pemba yao. Upande wa pili walisimama watu wa mji, hawana silaha ila hasira. Serikali ilikuwa imekataza watu kukusanyika: marufuku maulidi, marufuku ngoma, marufuku mchezo wa ng'ombe, marufuku hata arusi ya watu wengi. Basi siku hiyo wakakusanyika wote.

Wanaume wakirusha, wanawake wakiimba:

*Kificho toka, watu wamejaa,*
*Atakayesimama leo atakaa!*

Bwana Mkubwa wa askari, mwekundu kama kaa wa kuchemsha, Kiswahili alikijua cha kuamrishia. Cha kuimbwa hakikumwingia. Akamgeukia mkalimani wake, Ame.

"Wanasema nini hawa?"

Ame alikuwa mtoto wa Wingwi, Mpemba kama wao. Akasikiliza. "Wanamwita Kificho, Bwana. Akija, hapana wa kusimama mbele yake."

"Ndiye mkubwa wao?"

Ame akawatazama waimbaji. "Mwenye kumshinda bado hajaonekana, Bwana."

Bi Kazija alikuwa mbele, akasikia kila neno. Akatema chini. "Kibaraka we! Maziwa ya mamako yakutokee puani!"

Ndipo mabomu ya machozi yakalia. Watu wakakimbia huku hawaoni. Bi Kazija akaanguka, na Silima, mwanawe wa pekee, akarudi kumwinua. Mama akainuka. Mwana akakamatwa.

Asubuhi gari lenye kipaza sauti likapita mitaani. Kificho anatakiwa bomani. Asipoletwa kabla ya alasiri ya Ijumaa, Silima atapakiwa melini, akafie jela huko mbali.

Watu wakatazamana, wakafunika midomo kwa viganja.

Kisha ukaanza upekuzi. Askari walichana magodoro, wakamwaga mchele, wakaingia vyumbani mwa wake za watu na mabuti yao. Kwa Bi Kazija walilivunja kasha alilokuja nalo siku ya arusi yake. Yeye alikaa kizingitini akiwahesabu mmoja mmoja.

"Kificho yuko wapi?" askari akamfokea.

"Nyuma, anakula."

Wakakimbilia uani, wakarudi wamevimba. "Uani hamna mtu, bibi!"

"Mie nimesema kweli. Macho ni yenu."

Wakamsukuma, wakenda zao. Jirani yake, Bi Moza, akaja kumwokotea vibao vya kasha.

"Shoga, si bora mtu akawaambie ukweli?"

"Silima kawaambia. Bwana Mkubwa kasema anafanyiwa masihara, kaamrisha aongezwe viboko." Bi Kazija akakibana kibao mkononi mpaka kikamchoma. "Mgongo wa mwanangu, Moza! Kwa kusema kweli!"

"Sasa utafanyaje?"

"Kanitaka Kificho. N'tampelekea Kificho."

Bi Moza akashika kifua. "Weye! Na Silima hayupo? Nani wa kumtuliza akipandisha? Tangu marufuku hii hajatoka, anapiga ukuta tu."

"Ndo vizuri. Ana hamu ya watu."

Kificho mama yake alikufa akimzaa. Bi Kazija ndiye aliyemlea, kwa maziwa ya kuazima, akilala na Silima sakafu moja. Si wa maneno. Lakini akisikia watu wanaimba jina lake, damu humpanda, na hapo humjui wala hakujui.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Bi Kazija alimfunga kamba kwa mikono yake. Kificho hakukataa, kwa Bi Kazija hakuwahi kukataa. Akamtoa njiani, kichwa chini, anavuta pumzi nzitonzito. Wanawake wa mtaa wakamfuata na mabuibui yao, kimya kama wanaokwenda hitimani. Hakuna hata mmoja aliyeomba ahurumiwe.

Penye kizuizi askari wawili wageni wakawasimamisha.

"Bibi, wampeleka wapi huyo?"

"Bomani. Bwana Mkubwa kamtaka mwenyewe."

Wakacheka, wakainua mti.

Kwenye lango la boma alikuwepo Ame. Alimtazama Bi Kazija, akamtazama aliyekuja naye, uso ukamgeuka. Akasema "Bismillahi" kwa sauti ndogo, akachopoa funguo za mahabusu ukutani, akaingia ndani upesi.

Bi Kazija akamsindikiza kwa macho. "Lo," akasema. "Kumbe maziwa ya mamako yamekaa, yakhe."

Bwana Mkubwa akatoka uwanjani na askari wake, wamejipanga mstari, viatu vinang'ara.

"Nimeambiwa umemleta Kificho."

"Nimemleta."

Akachungulia nyuma ya bega lake, akawapitia wanawake mmoja mmoja, akatazama njia yote mpaka chini. "Yuko wapi?"

Nyuma, Bi Moza akaanza peke yake, wengine wakadaka: *Kificho toka, watu wamejaa...*

Bi Kazija akampapasa Kificho shingoni. "Haya, mwanangu. Bwana huyu alikuwa akikuulizia."

Akaifungua ile kamba kwenye pembe zake.