Hesabu ya Fundi Saa

Vilipungua saba tena.

Mhudumu wa afya aliandika hivyo kwenye daftari la mradi, akafunga kisanduku cha dawa, akamrudishia mzee ufunguo bila kumtazama usoni. Hii ilikuwa Jumatatu ya tatu mfululizo.

Mzee alikuwa fundi saa. Miaka arobaini alikuwa ameinamia skrubu ndogo kuliko kiroboto, mpaka alipoanguka na kuvunjika nyonga, mwanawe akamchukua kwake. Tangu hapo alimeza vidonge vikali vya maumivu, viwili kwa siku. Vidonge hivyo vilikuwa vimeshazika watu wengi mjini. Mtu huongeza kimoja leo, kesho viwili, siku moja analala asiamke. Ndiyo maana serikali ikaleta mradi: kila mgonjwa akapewa kisanduku chenye kufuli, na kila Jumatatu mhudumu akapita nyumba kwa nyumba kuhesabu vilivyobaki.

Kazi hiyo ilikuwa ya jua na vumbi. Mhudumu alikuwa akifika kwa mzee huku jasho likimtiririka, na jambo la kwanza ni kuomba maji. Mzee alijikokota mwenyewe hadi jikoni, maana mchana mkwewe huwa kazini. Akirudi na glasi, alikuta vidonge vimeshapangwa mezani kumi kumi.

"Mgongo wako vipi, mwanangu?" alimuuliza siku hiyo. Alijua habari za ajali ya pikipiki iliyompata mwaka juzi, akiwa kwenye kazi hii hii.

"Ulishapona zamani, baba."

"Heri," mzee alisema. Habari ya vidonge saba hakuigusa.

Utaratibu ulisema vikipungua mara tatu, familia iambiwe. Mhudumu akamsubiri mwana wa mzee uani mpaka aliporudi kutoka shuleni anakofundisha, akamweleza kwa sauti ya chini. Mwalimu akaingia chumbani kwa baba yake. Heri angefoka. Alizungumza polepole, kama anayemkanya mwanafunzi mbele ya wenzake, kwamba mtu mzima na mvi zake amewavua nguo mbele za watu. Mhudumu, aliyekuwa bado mlangoni, alisikia kila neno. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika nyumbani. Mkwe alifungia hata dawa ya kikohozi. Wajukuu walikatazwa kulala chumbani kwa babu. Mwezi ulipokaribia kwisha, vidonge viliisha kabla ya siku zake, na hospitali ikakataa kuongeza hata kimoja. Siku kumi mzee alizunguka chumba akishika ukuta, ameuma kitambaa ili wajukuu wasimsikie. Mkwe alipomsimulia mhudumu habari hizo walipokutana njiani, alimaliza kwa kusema, "Kayataka mwenyewe." Mhudumu aliitikia kwa kichwa. Alipobaki peke yake alikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, na ikamchukua muda mrefu kusimama.

Jumatatu ya sita alifika na mgeni: mkaguzi wa mradi kutoka wizarani, mama wa makamo mwenye miwani na mafaili mawili kwapani. Familia ilikaa sebuleni, mzee katikati yao kama mshtakiwa.

Mkaguzi alieleza kwamba amepitia madaftari ya wahudumu kumi na wanane. Kumi na saba yalikuwa safi, hayana kasoro hata moja, na kwa uzoefu wake daftari safi namna hiyo limeandikwa chini ya mti, si majumbani. Hili moja tu ndilo lililokuwa na ukweli ndani yake. Angependekeza mhudumu huyu awafundishe wenzake. Mwalimu akamshukuru. Mhudumu alikuwa akikwangua jalada la daftari kwa ukucha.

Kisha mkaguzi akamgeukia mzee, kwa upole. "Mficha maradhi, baba, kilio humuumbua. Hakuna atakayekufunga. Tunataka kusikia kutoka kwako tu."

Mzee alimtazama mwanawe, akamtazama mhudumu, halafu akatazama viganja vyake.

"Kisanduku ni changu na ufunguo ninao mimi," alisema. "Andika jina langu."

Mkwe alijifuta machozi. Mkaguzi akaandika: vidonge vikali visitishwe, mgonjwa apewe vya kawaida, na kila Alhamisi ahudhurie kikundi cha hospitali cha watu walionaswa na dawa. Mzee akatia sahihi kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Mwalimu alitoka nje bila kumuaga mtu.

Mkaguzi alitangulia kwenye gari. Mhudumu alibaki akikusanya karatasi zake, zikamponyoka mara mbili. Mzee akaomba amsindikize hadi getini. Walitembea kwa mwendo wa nyonga yake, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika.

"Nisamehe, baba," mhudumu alisema walipofika. "Nimekuaibisha mbele ya watoto wako."

Mzee aliegemea nguzo ya geti mpaka pumzi ikamrudia.

"Mimi huvihesabu kila Jumatatu, mwanangu, kabla hujabisha hodi," alisema. "Huwa havijapungua hata kimoja. Alhamisi saa tatu nitakupitia, twende wote."