Kandambili ya Mlangoni

Bi Salha, mshauri wa mambo ya unyumba, alivaa kandambili moja tu akiwa kazini. Ya pili aliiweka mlangoni, mlango usijifunge akiwa na mteja.

Siku moja mteja wake, Mbaruku, aliisukuma kwa mguu. Mlango ukajifunga.

"Nishike mkono tu, dada," alisema. "Tangu nipate ajali, mke wangu akinigusa naganda. Nifundishe wewe kwanza kuguswa. Nasikia kuna nchi washauri wanafanya hivyo."

"Hapa sheria ya kazi yangu hairuhusu, kaka. Na mimi ni mshauri wako. Nikikugusa leo, kesho utamwamini nani?"

"Basi hutaki nipone."

Bi Salha aliweka mikono yote miwili juu ya meza, Mbaruku aione. "Nataka sana upone. Rudisha kandambili yangu mlangoni."

Mbaruku aliinama, akaiokota, akafungua mlango.

Mkewe, aliyegoma kuingia tangu wiki ya kwanza ya ushauri, alikuwa ameshainuka kwenye benchi la nje. Alinyoosha mkono, akaishika kandambili. Mbaruku hakuiachia, wala hakuganda. Kandambili ikabaki katikati yao, imeshikwa huku na huku.