Kadi za Onchiri

Kadi mia moja na kumi na mbili zilitandazwa mezani, na Obiero, fundi mkuu wa kiwanda cha chai juu kidogo ya Ikonge, alikuwa amezikodolea macho tangu asubuhi bila hata moja kumwambia neno.

Mpango wa kadi ulikuwa wake mwenyewe. Mashine ikiharibika, kadi iandikwe, itiwe kwenye sanduku mlangoni mwa ofisi, naye atamtuma fundi mdogo na spana. Tangu arudi na cheti kutoka Nairobi, mwaka wa sitini na saba, hakuona tena haja ya kushuka kwenye mashine zenyewe. Kule kuna grisi, na grisi haijui shati la mtu msomi.

Lakini mashine zilizidi kuharibika, na meneja alichoka.

"Nipe kiini cha ugonjwa kabla ya mwisho wa mwezi, Bwana Obiero. Ukishindwa, funga mizigo."

Basi akapanga kadi mafungu. Mikanda huku, beringi kule. Wapi! Akapanga kwa siku, akapanga kwa saa. Ovyo tu. Siku ya tatu, jasho likimtoka, akapanga kwa jina lililoandikwa mwishoni mwa kila kadi, na lo! Fungu likawa moja tu. Onchiri, Onchiri, Onchiri.

"Kumbe mbovu si mashine!" akasema, akajipigia makofi mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine.

Onchiri, mfanyakazi mzee wa ukumbi wa mashine na shemasi wa Wasabato, akaitwa. Alisimama ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Kila kitu kikivunjika hapa, wewe upo. Kwa nini?"

"Bwana fundi, mimi naandika tu."

"Hata mchawi akishikwa husema alikuwa anapita tu!"

Kabla ya saa sita mzee wa watu alikuwa njiani kwenda kwake, na barua ya kufukuzwa mfukoni.

Na dawa ikaingia, jamani! Kesho yake sanduku tupu. Wiki nzima, tupu. Chai ilipungua kidogo, lakini kwa hilo Obiero na meneja waliisingizia mvua ya mawe. Meneja akaanza kumwita Obiero "profesa", akaalika wakubwa waje wajionee kiwanda kisichoharibika. Obiero akanunua tai.

Siku yenyewe alitangulia kwa madaha, akasukuma mlango wa ukumbi wa mashine. Kimya. Mashine tatu kati ya nne zilikuwa zimekufa. Ya nne ilikuwa imefungwa kamba ya katani badala ya mkanda, ikifuka moshi. Wanaume kumi na mmoja walikuwa wakifikicha majani ya chai kwa viganja. Nyuma yake, meneja na wageni walikwisha jaa mlangoni.

"Mogire!" Obiero alimfokea aliyekuwa karibu. "Zimekufa lini hizi?"

"Tangu wiki jana, bwana."

"Na mbona sioni hata kadi moja?"

Mogire alijipangusa viganja kwenye suruali.

"Tungeandikaje, bwana fundi? Hapa aliyeenda shule alikuwa Onchiri peke yake."